Umefaulu N5 ya JLPT, mtihani wa lugha ya Kijapani, Desemba uruke hadi N3?

Ndugu yangu, ukiwa na miezi minne na kazi ya kuajiriwa, mimi ningejiandikisha N4, ngazi iliyo katikati ya hizo mbili (N5 ndiyo ya chini kabisa). Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, kwa hiyo amua sasa.

Umesema kusikiliza ndiko kunakokuangusha. Hapo ndipo pa kuogopa. N4 ina alama 180 na kufaulu ni 90, lakini ukipata chini ya 19 kati ya 60 za kusikiliza umeanguka, hata kama kanji (herufi zenye asili ya Kichina) unazimeza kama maji. Na sauti inachezwa mara moja tu, hairudiwi.

Sisi Waswahili tuna bahati: a, e, i, o, u za Kijapani ni karibu sawa na zetu. Kinachotuponza ni urefu wa irabu. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Ukizembea unamzeesha mtu bure! Sikiliza dakika ishirini kila siku, hata kwenye daladala, kisha rudia kwa sauti (abiria watakuzoea).

Sarufi soma jioni. Kuandika kanji kwa mkono acha kwanza, mtihani ni wa kuchagua majibu tu. Jumamosi fanya karatasi nzima, saa mkononi, simu mbali.