"Akipewa kibali tu ndipo atasafiri": mshale uelekee wapi?

SWALI: Katika zoezi la mantiki tumepewa hoja hii: "Asha akipewa kibali tu ndipo atasafiri. Amepewa kibali. Kwa hiyo atasafiri." Kauli ya kwanza mimi nimeiandika B → S (B ni "Asha amepewa kibali", S ni "Asha atasafiri", na mshale ni "ikiwa cha kushoto, basi cha kulia"), na jedwali la ukweli, yaani orodha ya hali zote za kweli na uongo, likanipa hoja halali: kauli za mwanzo zikiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo. Mwenzangu kaandika S → B, akapata hoja batili. Kiswahili cha sentensi hiyo kinamuunga mkono nani? Na hilo "tu" lina kazi gani?

JIBU: Kinamuunga mkono mwenzako. Jedwali lako halina kosa. Kosa liliingia mapema zaidi, pale sentensi ilipogeuzwa kuwa alama. Kiambishi -ki- kimetuzoesha kuamini kwamba kitenzi kinachokibeba hakina budi kukaa kushoto kwa mshale. Mara nyingi ndivyo ilivyo: "akipewa kibali atasafiri" ni B → S, hakuna ubishi. Lakini "ndipo" ikishaingia, uzito wa sentensi unahamia kwingine.

Mshale una tabia moja tu ya kukumbuka: kauli yake ni ya uongo pale tu ambapo cha kushoto ni kweli na cha kulia ni uongo. Hali nyingine zote tatu zinahesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo ukikabidhiwa sentensi ya masharti, usianze kwa kuangalia neno lipi limetangulia. Jiulize: ni hali gani ikitokea, aliyesema atakuwa amesema uongo?

Tuijaribu kwenye sentensi yenu. Asha kapewa kibali, kisha akaugua, akabaki. Je, msemaji amesema uongo? Hapana. Alichosema ni kwamba bila kibali hakuna safari, na hilo halijavunjwa. Sasa geuza: Asha hana kibali, na amesafiri. Hapo msemaji hana pa kujitetea. Hali inayomkamata ni S kweli na B uongo, na mshale unaoanguka katika hali hiyo ni S → B.

Wapo watakaosema kwamba katika mazungumzo sentensi hii husikika pia kama ahadi: apate kibali, aende zake. Ni kweli husikika hivyo, lakini ahadi hiyo inaongezwa na msikilizaji. Katika kuandika alama, andika kile tu ambacho sentensi imejifunga nacho. Mtunzi wa zoezi akitaka pande zote mbili anayo "ikiwa na ikiwa tu", ambayo alama yake ni ↔.

Kuhusu "tu", mahali linapokaa ndipo penye siri. "Akipewa tu kibali, atasafiri" maana yake ni kwamba kibali kinatosha, tena papo hapo: B → S. "Akipewa kibali tu ndipo atasafiri" maana yake ni kwamba kibali ni cha lazima: S → B. "Atasafiri ikiwa tu atapewa kibali" nayo ni S → B. Sumbufu kuliko zote ni "atasafiri akipewa kibali tu", kwa sababu sauti ya msemaji ndiyo inayoamua, na karatasi haina sauti. Mwalimu mwangalifu haitungi hiyo kwenye mtihani.

Hata neno "sharti" lenyewe linachangia mkanganyiko. Katika lugha ya kawaida, sharti ni kitu kisichokwepeka: "sharti apate kibali". Ndiyo maana wanafunzi wakiambiwa "sharti hukaa kushoto kwa mshale" wanaweka kibali kushoto, wakati sharti la lazima hukaa kulia. Linalokaa kushoto ni sharti tosha. Ningependa vitabu viache kusema "sharti" bila kutaja ni la aina gani.

Sasa jedwali. K ni kweli, U ni uongo. Safu mbili za mwanzo ni herufi zenyewe, zinazofuata ni kauli tangulizi mbili (zile zinazotangulia "kwa hiyo"), na ya mwisho ni hitimisho:

B | S | S → B | B | S
K | K | K | K | K
K | U | K | K | U
U | K | U | U | K
U | U | K | U | U

Tazama mstari wa pili. Kauli tangulizi zote mbili ni K, hitimisho ni U. Mstari mmoja wa namna hiyo unatosha kuifanya hoja kuwa batili, hata kama mingine yote ni safi. Ndiyo hali ile ile ya Asha aliyepewa kibali akaugua. Kwa B → S mstari huo haungekudhuru, maana B ikiwa K na S ikiwa U, kauli ya kwanza yenyewe inakuwa U, na mstari wenye kauli tangulizi ya uongo hauhesabiwi dhidi ya hoja.

Kabla ya herufi, andika ufunguo wake, na kila herufi isimamie sentensi kamili iliyo katika hali yakinishi. "B = kibali" si ufunguo; kibali hakiwezi kuwa kweli wala uongo. "B = Asha amepewa kibali" ndio ufunguo. Herufi ikisimamia sentensi yenye ukanushi ndani yake, mtu hufika katikati ya jedwali amesahau kama ¬B (alama ¬ ni "si kweli kwamba") inakanusha au inathibitisha. Nyakati pia: "akipewa" na "amepewa" vinapata herufi moja kwa kuwa vinazungumzia kibali kile kile na safari ile ile. Vingekuwa vibali viwili vya miaka miwili, herufi zingekuwa mbili.

Sentensi zifuatazo zote ni S → B kwa kipimo kile kile cha uongo: "asipopewa kibali hatasafiri", "hatasafiri mpaka apewe kibali", "hatasafiri ila akipewa kibali". Ya kwanza ukiiandika neno kwa neno inakuwa ¬B → ¬S, na jedwali litakuonyesha kwamba hiyo na S → B zina safu moja. Kosa la kila muhula ni kuigeuza ¬B → ¬S kuwa B → S kwa kufuta kanushi pande zote mbili. Ukifuta kanushi, lazima pande zibadilishane nafasi.

Ukanushi wa Kiswahili una mtego wake, kwa sababu unakaa ndani ya kitenzi. "Asha na Juma hawakufika" ni ¬A ∧ ¬J (∧ ni "na"): hakuna aliyefika. "Si kweli kwamba Asha na Juma walifika" ni ¬(A ∧ J), na hapo huenda mmoja alifika. Kwa kanuni inayobeba jina la mwanahisabati Augustus De Morgan, ¬(A ∧ J) ni sawa na ¬A ∨ ¬J (∨ ni "au"). Je, "hawakufika wote"? Wengine huisikia kama "hakuna aliyefika", wengine kama "si wote waliofika". Usikisie. Kama hoja ni yako, iandike upya. Kama umepewa, pima njia zote mbili na useme jibu la kila moja. "Wala" haina shida: "hakufika wala hakupiga simu" ni kanushi mbili zilizounganishwa kwa ∧.

Si kila "na" hugawanyika. "Asha na Juma walifika" ni kauli mbili. "Asha na Juma wameoana" ni kauli moja, herufi moja, kwa sababu -an- ya kutendana haikubali kukatwa: huwezi kusema "Asha ameoana" ukaishia hapo. "Lakini", "ingawa" na "japo" vyote ni ∧. Mshangao uliomo ndani yake haubadilishi thamani ya ukweli. "Au" ichukuliwe kwamba inaruhusu yote mawili, isipokuwa msemaji ameongeza "lakini si vyote viwili".

Kuna sentensi ambazo hazifai kabisa kwa kipimo hiki. "Angepewa kibali angesafiri" inazungumzia jambo ambalo tayari halikutokea. Ukiiandika B → S, kushoto ni uongo, basi mshale ni kweli moja kwa moja, na "angepewa kibali asingesafiri" nayo inakuwa kweli. Hakuna mzungumzaji anayekubali zote mbili kwa pamoja. "Kwa sababu" vivyo hivyo: sehemu zote mbili zinaweza kuwa kweli na bado moja isiwe chanzo cha nyingine.

Jedwali, ambalo mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein na mwanahisabati Emil Post walilichapisha kila mmoja kwa njia yake mwaka 1921, linachosha haraka. Herufi 2 zina mistari 4, herufi 3 mistari 8, herufi 5 mistari 32. Njia fupi ni kuanzia mwisho: lifanye hitimisho kuwa U, zilazimishe kauli tangulizi kuwa K, uone kama utagonga ukuta, yaani kauli moja ilazimike kuwa K na U kwa pamoja.

Mfano: "Mtambo ukizimwa, presha itashuka. Presha isiposhuka, kengele italia. Kengele haikulia. Kwa hiyo mtambo ulizimwa." M ni mtambo umezimwa, P ni presha imeshuka, L ni kengele imelia. Alama ni M → P, ¬P → L, ¬L, na hitimisho M. Weka M = U. Ili ¬L iwe K, L ni U. Ili ¬P → L ibaki K wakati L ni U, ¬P lazima iwe U, yaani P ni K. Kisha M → P ni U kwenda K, nayo ni K. Hatujagonga ukuta, kwa hiyo hoja ni batili: presha imeshuka kwa njia nyingine, pengine bomba limevuja. Badili hitimisho liwe "presha ilishuka". Sasa P = U na L = U, na ¬P → L inakuwa K kwenda U, yaani U, ilhali tuliilazimisha iwe K. Hapo ukuta umegongwa, na hoja hiyo ni halali.