Mchoro wa mtambo nitakupa, ila kwanza soma hii

Juzi kijana mmoja kaniandikia anaomba mchoro wa mtambo wangu wa kugeuza plastiki kuwa dizeli. Kanisifia mpaka nikaona aibu, maana mchoro ninao, lakini mtambo wenyewe niliuuza kama chuma chakavu.

Najua unachowaza, ndugu yangu. Dizeli inapanda, plastiki zimejaa mtaroni bure. Nami niliwaza hivyo hivyo. Fundi akanichomelea pipa la chuma kizito, na bomba la kupita kwenye maji baridi. Plastiki ukiipasha moto pasipo hewa, nyuzi 400 na kitu, haiungui. Inayeyuka, inageuka mvuke, mvuke unapoa kuwa mafuta. Siku ya kwanza nilitia ndoo na madumu mabovu, yakatoka mafuta yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Picha niliwatumia hadi mashemeji!

Tamaa ikaniponza. Nikaanza kununua kila kitu kwa kilo, hasa chupa za maji. Zile hazina mafuta ya maana, zinatoa ungaunga unaoganda bombani. Nilipolikata bomba, tundu lililobaki halipitishi hata kalamu. Vipande vya PVC, ile plastiki ya mabomba ya maji, navyo vinatoa asidi inayokula chuma. Mfuniko ukatoboka.

Ila kilichoniuma ni mashine ya kusaga ya mjomba, kule Makambako. Nilimjazia tenki mafuta yale yale, jinsi yalivyotoka. Asubuhi, na baridi ya kule, nta ikaganda kwenye chujio, mashine ikagoma. Tulipoilazimisha, nozeli za kupulizia mafuta kwenye injini zikaziba. Kina mama wamepanga ndoo za mahindi, wananitazama. Mjomba alilipa fundi mwenyewe, hakunidai senti. Mpaka leo ananiita "Injinia", mbele za watu.

Kwa hiyo chambua. Tumia mifuko ya nailoni, ndoo, madumu. Mafuta ya kwanza si dizeli, yamechanganyika na petroli na yanadaka moto upesi, kwa hiyo lazima uyakeneke upya, yaani uyachemshe tena na kuyatenganisha. Usiwashe uani penye watoto, kama nilivyofanya mimi mjinga. Na uchambue, narudia, chambua! Vijana mnapenda mtambo, kukaa juani na viroba vya taka hamtaki.

Mchoro nimemtumia. Kajibu usiku huo huo: bomba liwe la inchi ngapi, na chupa za maji kwao kilo ni bei rahisi sana.