Niliambiwa Mayai Yangu ni Mabovu

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayesoma ninayoandika. Ana miaka 38. Ameshafanya IVF, yaani yai kurutubishwa maabara nje ya mwili, mara mbili na zote zimegonga ukuta. Sasa wanamshauri alipie kipimo cha jeni kitakachoyapanga mayai yake kwa ubora, lipi la kwanza, lipi la mwisho. Mwisho wa ujumbe akaniuliza: "Dada, nikubali? Maana wameshaniambia mayai yangu ni mabovu."

Nilipofika kwenye neno hilo niliilaza simu kifudifudi. Mimi niliambiwa vivyo hivyo miaka sita iliyopita. Daktari alikuwa anaandika huku anaongea, macho hayakutoka kwenye karatasi. "Tatizo ni mayai. Ni mabovu." Mume wangu akanishika mkono, mimi nikabaki nahesabu vigae vya sakafu. Nilitoka mle ndani najiona kama mtu aliyekutwa na hatia. Kwa hiyo, dada yangu, nitakujibu kwa kirefu, na wengine mlio kwenye njia hii someni pia.

Nilikosea tangu mwanzo kwa kuchanganya wingi na ubora. Kipimo changu cha homoni ya AMH kilikuwa kizuri, ultrasaundi ikaonyesha vifuko vya mayai vingi tu, nikarudi nyumbani naimba. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kwamba AMH inakisia akiba, yaani utavuna mayai mangapi ukichomwa dawa. Kuhusu yai lenyewe likoje ndani, AMH haisemi kitu. Siku za sindano naziruka, aliyezipitia anazijua. Yalitolewa mayai 11. Yaliyokuwa yamekomaa ni 8, yakarutubishwa 5, kilichoendelea kukua maabara hadi siku ya tano ni kiinitete kimoja, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kujigawa, nacho kiliwekwa tumboni hakikushika. Mara ya pili yalitoka 9 na hakuna hata kimoja kilichofika siku ya tano. Ndipo nikaambiwa neno lile.

Ubora wa yai ni nini hasa? Nilijifunza mwenyewe, usiku, kwa hasira. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kama milioni moja hadi mbili, na kila yai huanza kujigawa wakati yeye bado yumo tumboni mwa mama yake, kisha husimama katikati ya kazi. Hukaa limesimama hivyo miaka 15, 25, 40, likisubiri mwezi wake. Zamu yake ikifika, ndani ya kama siku moja na nusu inalibidi liamke, litenganishe kromosomu zake, zile zinazobeba jeni, libaki na 23 na kuzitoa zilizozidi. Protini zilizozifunga kromosomu hizo pamoja zina umri sawa na wako, na zikichakaa, mgawanyo unakosewa: yai linabaki na 22 au 24. Ndiyo maana mwanamke akifika miaka 40, zaidi ya nusu ya viinitete vyake kwa kawaida huwa na hesabu isiyo sawa. Kati ya vipimo vyote vya ubora wa yai, mwaka wako wa kuzaliwa bado ndicho chenye nguvu kuliko vingine, na hakuna anayekutoza kwa kukisoma.

Hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba nina uchungu na nataka mtu aniambie lipi kati ya mayai yangu ni zima. Kwa hiyo mara ya tatu, walipotaja kipimo cha jeni, nilisema ndiyo kabla hawajamaliza sentensi.

Kipimo chenyewe hakiligusi yai, na hilo nalo nilikuja kulijua baadaye. Yai likitolewa halitoki peke yake. Linatoka limevikwa wingu la seli ndogo zilizolilea ndani ya kifuko. Mtaalamu wa maabara, kijana mpole sana, alinionyesha video ya moja ya mayai yangu. Mwanzo ni ukungu tu, kitu cha kunatanata chenye ncha zilizotawanyika, huwezi hata kuona yai liko wapi. Wanaliweka kwenye dawa inayolegeza ile gundi, kisha wanalivuta na kulitoa kwenye kimrija chembamba cha kioo, ndani, nje, ndani, nje, na kila linapopita ukungu unapungua. Mwishowe linabaki duara jeupe, safi, lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Nililia pale pale.

Zile seli zilizovuliwa kwa kawaida hutupwa. Kipimo kinaziokota na kuuliza jeni zake zipi zimewaka na kwa kiasi gani. Jeni zinazotajwa sana ni HAS2, inayosaidia kutengeneza gundi ya lile wingu, pamoja na PTGS2 na GREM1. Tangu mwaka 2004 watafiti walishaona kwamba mayai yaliyokuwa yamezungukwa na seli zenye jeni hizi kwa wingi yalielekea kutoa viinitete vizuri zaidi. Mantiki yake naikubali kabisa, kwa sababu yai na seli hizo huzungumza kupitia vinjia vidogo sana, na yai ndilo linalotoa amri nyingi. Ukitaka kujua hali ya mama mwenye nyumba, watazame walinzi wake.

Nililetewa jedwali. Mayai sita, yamepangwa. Yai namba 4 lilikuwa juu kabisa. Jamani, nililipenda yai namba 4! Nililiombea kwa namba yake. Siku ya tatu likasimama, halikuendelea. Yai namba 6, lililoandikwa la tano kati ya sita, ndilo lililofika siku ya tano, ndilo lililowekwa, na leo ana miaka minne na analala chumba cha pili nikiandika haya. Kama kungekuwa na mengine ya kuchagua siku ile, au kama ningeshikilia jedwali, nani ajuaye.

Sisemi kipimo ni uongo, na mtu mmoja si utafiti. Nasema taarifa ya walinzi haitoshi kumhukumu mwenye nyumba. Mwangaza wa jeni hizo hubadilika kati ya mwanamke na mwanamke, kati ya dawa na dawa, kati ya maabara na maabara, na hadi sasa hakuna orodha ya jeni iliyokubaliwa kila mahali kuwa kipimo cha kawaida.

Kuna njia nyingine inayokaribia yai zaidi. Zile kromosomu zilizozidi, yai huzitema kwenye kifurushi kidogo pembeni yake, na maabara inaweza kukichukua na kuzihesabu: kilichozidi huku kimepungua kule. Utafiti mkubwa wa Ulaya na Israeli, uliotolewa mwaka 2018, ulipima hilo kwa wanawake 396 wa miaka 36 hadi 40. Waliopimwa na wasiopimwa walipata watoto kwa kiwango kile kile, 24 kati ya kila 100. Ila waliopimwa mimba zilitoka mara chache zaidi na waliwekewa viinitete mara chache zaidi. Lisomeni hilo taratibu. Kipimo hakikuongeza watoto, kiliwapunguzia baadhi yao misiba. Kwa aliyekwisha kuzika mimba tatu, hilo si jambo dogo. Kwa anayetafuta yai zuri ambalo hana mwezi huo, kipimo hakimtengenezei. Hakuna kipimo kinachotengeneza yai.

Na kuna wanawake ambao kwao jeni ni jibu lenyewe. Nilikaa mara nyingi kwenye foleni na dada mmoja ambaye mayai yake yalikuwa hayakomai hata moja. Mengi yanatolewa, yote yamekwama hatua ile ile, mara tatu mfululizo, umri wake miaka 29. Kila mara wanabadilisha dawa. Mwishowe wakapima damu yake, wakakuta hitilafu kwenye jeni iitwayo TUBB8, ambayo hutengeneza nyuzi zinazovuta kromosomu wakati yai linajigawa. Uhusiano wa jeni hiyo na mayai yasiyokomaa ulitangazwa mwaka 2016. Aliniambia, "Basi si dawa, si mimi kuchelewa, si mkosi." Akaacha kuchomwa sindano zisizo na faida, yeye na mumewe wakakaa wakazungumza habari ya yai la kuchangiwa. Kipimo kile kilibadilisha maisha yake kwa sababu jibu lake lilifungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Changu mimi kilinipa jedwali la kulilia.

Kwa hiyo ulizeni, ndugu zangu. Koti jeupe lisiwafunge mdomo kama lilivyonifunga mimi. Kabla hujatoa pesa uliza. Ukishatoa, uliza tena. Dada, wewe nakupa maswali matatu, yaandike kwenye karatasi maana ukiwa mbele ya daktari utayasahau. La kwanza: kipimo hiki kinasoma nini, damu yangu, yai, zile seli za pembeni, au kiinitete? La pili: jibu likija, mtafanya nini tofauti na mnachofanya sasa? Kama viinitete vitakuwa viwili na vyote mtaviweka kwa zamu, jedwali linapanga nini? La tatu: je, waliopimwa hupata mtoto hai mara nyingi kuliko wasiopimwa? Usikubali kujibiwa kwamba viinitete huwa vizuri zaidi. Umekwenda kutafuta mtoto.

Sigara acheni, wewe na mumeo, hilo lina ushahidi na halihitaji maabara. Kifuko huchukua takriban miezi mitatu kukua hadi yai kutoka, basi ukibadilisha kitu leo usitegemee kukiona mwezi ujao. Vidonge vya kuyapa mayai ujana vinavyouzwa mitandaoni nilimeza vya kutosha, na sioni vilinisaidia nini.

Na lile neno, likataeni hata likitoka kwa daktari. Mwambie kwa heshima: yai langu lina kromosomu zisizo sawa, au halikukomaa, au halikurutubishwa? Kila kimoja ni kitu chake na kina njia yake. "Mabovu" si jina la ugonjwa wowote.

Nilimtumia maswali hayo usiku ule ule. Jana jioni akanijibu. La kwanza wamemwambia ni zile seli za pembeni. La pili daktari alinyamaza kidogo, kisha akasema wangeweka viinitete vyote kwa zamu hata hivyo. La tatu ameombwa arudi baada ya wiki moja. Nimemwambia siku hiyo simu yangu itakuwa wazi.