Uliza Fundi: Priampu ya valvu kwa santuri za mzee

SWALI: Asalaam aleikum. Nimeachiwa deki na santuri za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi taarab ya vikundi vya Black Star na Lucky Star. Amplifaya yangu ina tundu la kawaida la AUX tu, haina tundu la fono (la deki ya santuri). Kuna priampu (vikuza sauti vya kuweka kati ya deki na amplifaya) za valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, za bei poa, nyingine ni ghali mara kumi. Nichukue ipi? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam. Anza na katriji, pale sindano inapokaa. Ikiwa ya sumaku aina ya MM (sumaku ndiyo inayotikisika), hutoa milivolti 3 hadi 5, nayo yataka kukuzwa kama mara 100 (desibeli 40) ifike nusu volti inayoitosha AUX. Ikiwa MC (koili ndiyo inayotikisika), nyingi hutoa chini ya milivolti moja; hapo unahitaji desibeli 60, na kwa valvu peke yake utasikia mvumo kuliko fidla. Deki ya sanduku yenye katriji ya seramiki haihitaji priampu ya fono kabisa.

Priampu hiyo haikuzi tu. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa ili mifereji isipanuke, na sauti nyembamba huongezwa. Priampu huurudisha muziki sawa kwa mlinganyo wa RIAA, kanuni inayofuatwa na watengeneza santuri: desibeli 19 hivi juu kwenye hezi 20, karibu 20 chini kwenye hezi 20,000. Ukichomeka deki ya MM moja kwa moja kwenye AUX, fidla italia kama mbu ndani ya kopo.

Sasa hizo za bei poa. Nyingi zina valvu mbili ndogo aina ya 6J1 zinazolishwa volti chache, na kazi ya kukuza inafanywa na chipu. Valvu zimewekwa mwishoni kama pambo. Nyingine zimetiwa taa ya LED chini ili zionekane zinawaka! Ya kweli utaijua kwa mambo mawili: kwa kawaida ina valvu aina ya ECC83 (Wamarekani huiita 12AX7) mbili au zaidi, na ndani kuna volti 200 hadi 300. Uliza pia kama filamenti (nyuzi zinazopasha valvu moto) zinalishwa umeme wa DC. Zikilishwa AC, ule mvumo wa hezi 50 ni vigumu kuuondoa. Mzigo wa kiingilio (ukinzani ambao katriji inakutana nao kwenye priampu) uwe kilo-omu 47. Kama mfuko hauruhusu, nunua ya transista iliyo nzuri, chenji itie kwenye sindano mpya. Sindano iliyolika huichimba santuri, na hakuna valvu itakayoiponya.

Umeme nao uangalie. Filamenti ya volti 12.6 huvumilia asilimia 10 tu juu au chini. Umeme wa 230 ukipanda hadi 260, inapata zaidi ya 14 na umri wake unakatika. Weka stabilaiza. Kifaa cha volti 120 kutoka Marekani kisichomekwe bila transfoma ya kushusha.

Hewa ya bahari hula miguu ya valvu. Sauti ikianza kukwaruza, zima, chomoa waya, subiri kapasita zimwage umeme (volti 300 zinaua hata kifaa kikiwa kimezimwa), kisha ichomoe valvu, pulizia soketi dawa ya kusafishia kontakti, uingize na kutoa mara tano sita. Ukiwasha tena, valvu ikilia "ting" kwenye spika ukiigonga taratibu kwa penseli, ibadilishe.

SWALI: Nimeshaunganisha priampu, lakini kunavuma. – Msomaji, Makorora

JIBU: Waya mwembamba wa ethi kutoka kwenye deki umefungwa kwenye skrubu ya GND? Mara nyingi tatizo ni hilo. Bado? Isogeze priampu nusu mita kutoka kwenye transfoma ya amplifaya. Kama amplifaya yako ina tundu la PHONO, hakikisha hukuchomeka humo: mlinganyo utafanywa mara mbili na besi itafunika kila kitu. Kwa santuri za mono, bonyeza kitufe cha MONO. Mikwaruzo mingi inakwenda juu na chini ya mfereji, nayo hupotea chaneli zikijumlishwa.