Basi Moja Hadi Namugongo: Maswali Yenu Kuhusu Hija ya Jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Mwanza inataka kwenda hija Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, 3 Juni. Mwaka juzi walijiandikisha 29, wakalipa 21, na wiki ya mwisho waliolipa wakaongezewa mchango. Mpaka leo kuna wasiosemeshana. Safari hii tufanyeje? — Katibu wa jumuiya

Milele, amina. Ugomvi wenu ulianzia kwenye kugawanya hesabu, gari likiwa bado gereji. Tuseme Kosta ya viti 29 inakodishwa kwa shilingi 4,350,000. Ukigawa kwa 29 unapata 150,000, bei tamu ya kutangaza baada ya Misa, lakini mmoja tu akijitoa, kiti chake kinabebwa na wenzake. Gawanyeni kwa 25: kila mtu 174,000. Viti vinne ni kinga yenu. Vikijaa vyote mna ziada ya 696,000 ya dharura za njiani, na itakayobaki inarudi kwa wasafiri.

Daftari lifunguliwe Januari, malipo yawe awamu nne, moja kila mwezi, hadi mwisho wa Aprili. Jina lisilo na awamu ya kwanza lisihesabiwe kiti. Kanuni ya kujitoa iandikwe na kusomwa mbele ya wote kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa: hadi 30 Aprili anayejitoa anarudishiwa fedha zake isipokuwa awamu ya kwanza, baada ya hapo anatafuta wa kukalia kiti chake. Mgonjwa na mfiwa wahurumiwe, ila huruma hiyo itoke kwenye ziada, isitoke mfukoni mwa mweka hazina. Na kama kuna mama mnamlipia, kwenye daftari aandikwe "amelipa" kama wengine. Kuandika "msaada" mbele ya jina lake ni kumsafirisha na aibu yake.

Kwa mwenye gari, mkataba useme nani anagharamia mafuta, chakula na malazi ya dereva, na bima ya kuvuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA. Useme pia gari likifia Masaka nani anatafuta jingine. Mkiambiwa tairi la akiba lipo, ombeni kuona jeki na spana ya magurudumu. Mara nyingi tairi lipo, spana iko kwenye gari jingine.

Kikundi cha parokia jirani kilikwama mpakani Mutukula kwa sababu ya mtu mmoja asiye na kadi ya chanjo. Alilaumiwa njia nzima. Tuepuke vipi? — Mwenyekiti wa jumuiya, Bukoba

Kadi ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na chanjo moja hutosha maisha yote. Anayekimbilia chanjo Jumamosi ili asafiri Jumatatu amepata sindano, lakini kadi yake bado haijaanza kazi. Mtanzania anahitaji pia pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi.

Wiki tatu kabla ya safari, mkikutana kusali, kila mtu aje na hati zake mkononi. Maneno "ninayo nyumbani" yasikubaliwe, maana ndiyo hasa yanayokwamisha basi. Katibu alinganishe majina: kadi ikisema Anastazia na pasipoti Anastasia, irekebishwe mapema.

Hata hivyo jambo linaweza kutokea. Kubalianeni mkiwa nyumbani kwamba basi litasubiri kwa muda wa saa mbili, na asiyevuka atabaki na wenzake wawili waliojitolea tangu mwanzo, wenye nauli ya kurudi kutoka kwenye ziada. Lawama hukua pale uamuzi unapofanywa juani na watu 25 wenye njaa.

Fedha za matumizi badilisheni kiasi tu, na mkumbuke shilingi ya Uganda na ya kwetu zimeshea jina, thamani ni mbalimbali. Kuna wanaolipa soda wakidhani wameibiwa.

Wanakwaya hukaa nyuma wakiimba usiku kucha, wazee mbele hawalali. Halafu kwenye kila kituo tunapoteza mtu. — Mama mlezi, Geita

Viti vya mbele ni vya wazee na wanaotapika, hivyo havibadilishwi. Vingine vipigiwe kura, na kila baada ya kituo cha pili watu wahame, kila mmoja akae na mtu wa kanda nyingine ya jumuiya. Watanung'unika hadi Biharamulo. Saa za kimya ziwe saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na kwaya itangulie kuzikubali.

Simameni kila saa mbili au mbili na nusu, dakika 15. Waangalieni wazee wasiokunywa maji kwa kuogopa kuomba choo: ndio wanaoanguka kwa kizunguzungu kwenye foleni. Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, tengeni dakika 30 kabisa, maana picha zitapigwa mpende msipende.

Kuhesabu vichwa hudanganya: mmoja anahesabiwa mara mbili, mwingine yuko chooni. Wapangeni wawili wawili, na kila mtu amjibie mwenzake kwa jina. Hata Yusufu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara (Luka 2:44). Namugongo kwenyewe, penye umati wa siku ile, chagueni mahali pa kukutania mapema, na kila mtoto awe na namba ya simu ya mlezi kwenye karatasi mfukoni.

Tukirudi, mahudhurio ya jumuiya hupungua. Kwa nini? — Mweka hazina, Sengerema

Kwa sababu hesabu hazisomwi na vinyongo havitatuliwi. Ndani ya siku saba someni mapato na matumizi, risiti mezani. Aliyekosewa amwendee mkosaji wakiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, kabla habari haijafika kwenye kundi la simu.

Halafu kuna waliobaki nyumbani wakichangia na kuwaombea. Wapelekeeni mlangoni maji mliyochota hijani Namugongo, wawili wawili, jioni ya siku ya kwanza. Chukueni madumu ya lita tano yenye mfuniko wa kukaza. Yale ya lita ishirini humwagikia mizigo kabla hamjafika Masaka.