Hakunigusa, ila alininyanyulia jembe

SWALI: Shikamoo wakili. Mpangaji mwenzangu alininyanyulia jembe uani, tukigombea kamba ya kuanikia nguo. Akanifuata akisema, "Leo nakupasua kichwa." Nikakimbilia ndani nikafunga mlango. Kituoni nikaulizwa jeraha liko wapi, eti bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hakuna kesi. Ni kweli?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na jibu hilo huniuma kila ninapolisikia, maana linawafundisha watu kungoja damu imwagike.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaadhibu shambulio la kawaida kwa kifungo cha hadi mwaka 1 (kifungu cha 240, toleo la 2022). Maana ya shambulio tumeirithi Uingereza: kumfanya mtu, kwa makusudi au kwa kutojali, aone kwamba anapigwa sasa hivi. Si lazima aguswe. Jembe limeinuliwa, nawe umeona linakujia. Hapo kosa limeshatendeka. Angekuumiza, lingekuwa shambulio la kudhuru mwili, ambalo kifungo chake hufika miaka 5.

Maneno yake yaandike leo hii, vilevile alivyoyatamka. Mwaka 1669 huko Uingereza, mtu mmoja alishika upanga wake akamwambia mgomvi wake kwamba isingekuwa majaji wako mjini, asingevumilia maneno yale. Mahakama ikasema hilo si shambulio, kwa sababu kinywa chake mwenyewe kilionyesha kuwa hapigi. Mwenzako angesema "Isingekuwa Ramadhani ningekupasua," angepata pa kujitetea. Lakini yeye alisema "leo", na jembe mkononi, huku anakufuata. Hayo ni mazito.

PF3 ni ya aliyeumia, aende nayo hospitali. Wewe unahitaji mashahidi. Nani alikuwa anafua? Nani alichungulia dirishani? Rudi kituoni ukiwa na majina yao, sema unaripoti shambulio la kawaida, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Wakikukatalia tena, omba kumwona mkuu wa kituo.

Bila shaka wapo watakaokuambia myamalize nyumbani. Kwa kosa hili hata mahakama inaruhusiwa kuhimiza suluhu, lakini hakuna wa kukulazimisha. Mimi nisingekubali mpaka akiri mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba alinyanyua jembe, na yaandikwe, na atie sahihi.