Uyoga wa ugenini muulize mwenyeji

Jumamosi usiku nilikuwa nimeshajilaza, simu ikalia. Picha. Sinki la jikoni, beseni la bluu, na ndani ya beseni uyoga mweupe umeoshwa ukatakata. Chini yake dada mmoja kaandika: "Shikamoo dada, nasoma makala zako kila wiki. Niko huku Uswidi. Huu nimeuchuma leo msituni nyuma ya nyumba yetu, ni kama ule wa kwetu Songea kabisa. Unaliwa, eti? Vitunguu vishaanza kuiva."

Vitunguu vishaanza kuiva! Nilikurupuka. Sikuandika, nilipiga. Zima jiko, nikamwambia. Usionje hata mchuzi, watoto watoe jikoni, na usitupe kitu, ufunge kwenye karatasi uuweke pembeni. Akacheka kidogo. "Dada, unanitisha bure. Mimi uyoga nimekua nao."

Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi, kwa sauti hiyohiyo, Agosti 2014, jikoni kwangu huku Ufini, karibu na mji wa Tampere, mwiko mkononi.

Humu nimeshaandika mengi kuhusu msitu: jamu, juisi, ndoo zangu, picha za kikapu kilichofurika. Hii ya 2014 nimekuwa nikiikwepa kila mwaka, kama mtu anavyokwepa kupita mbele ya duka analodaiwa. Leo basi.

Mimi ni mtoto wa Mufindi. Mvua za Desemba zikishika, bibi alikuwa akituamsha kabla jua halijatoka, tunaingia kwenye miombo na vikapu. Uyoga mdogo wa rangi ya chungwa, unaonukia kama tunda, ulikuwa kazi ya sisi watoto. Ule wa kichuguu, wenye kofia pana na mzizi mrefu unaozama hadi kwenye makazi ya mchwa, alikuwa akiung'oa bibi mwenyewe, maana sisi tulikuwa tunaukata njiani. Kisha kulikuwa na mweupe mnene, unaochomoza ndani ya kitu kama yai. Huo ndio tuliougombania. Ukiona yai limepasuka na kofia inachungulia, unapiga kelele wenzako wasikuwahi. Jioni unapikwa na karanga zilizotwangwa, ugali pembeni, na hakuna aliyekumbuka nyama.

Hilo yai likumbukeni, tutarudi kwake.

Ufini niliingia 2011. Miaka ya kwanza siisimulii, mnaijua wenyewe: baridi, lugha, zamu za usiku za kutunza wazee. Kilichonitoa ndani ni habari niliyoipata kazini, kwamba hapa mtu yeyote anaruhusiwa kuingia msituni kuchuma matunda ya mwitu na uyoga hata kama msitu una mwenyewe, ilimradi asisogelee ua wa nyumba ya watu na asikate miti. Haki hiyo wanaiita jokamiehenoikeus. Na ukiuza ulichochuma kwa mkono wako, hudaiwi kodi ya mapato. Nilimwambia mwenzangu arudie. Mimi niliyezoea kwamba kila kichaka kina mgambo wake!

Mwishoni mwa Julai 2014, baada ya wiki nzima ya mvua, nikaingia. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho chini ya miti ni rangi ya chungwa. Nikapiga magoti, nikachuma kimoja, nikanusa. Bibi huyu hapa! Wenyewe wanauita kantarelli. Si uleule wa Mufindi, ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini pua yangu haikujali mambo ya ukoo. Nilirudi na mfuko umejaa. Jirani yangu, bibi wa Kifini aliyeshapita miaka sabini, akaupekua, akaitikia kwa kichwa. Nikapika, nikala, nikalala mzima, nikaamka mzima.

Uyoga huo mzuri ndio ulioniharibu. Baada ya hapo nikawa mtaalamu. Kwenye kundi letu la Waswahili la WhatsApp nikatuma picha kumi na moja, nikaandika kwamba msitu ni msitu, na mtoto wa Mufindi hapotei. Watu wakaweka vidole gumba. Siwalaumu, nilivitaka.

Wiki tatu baadaye, ndani ya msitu wenye giza, ardhi imetandikwa kijani laini kinachobonyea kama godoro, nikauona. Mweupe. Yai limepasuka, kofia inachungulia. Na ninyi mnajua nilifanya nini: nilipiga kelele, ingawa hapakuwa na wa kuniwahi.

Nilichuma vichwa saba. Nilivikata kwa kisu juu kidogo ya ardhi, kwa sababu kuna video niliyoiona ikisema kukata ndiyo ustaarabu. Nyumbani nikaosha, nikakatakata, nikakaanga na vitunguu, nikamimina karanga. Saa kumi jioni nikaonja kijiko kimoja, kuangalia chumvi. Kilikuwa kitamu. Niliongeza chumvi kidogo.

Mlango ukagongwa. Bibi jirani alikuja kurudisha chupa zangu za jamu. Kwenye sinki kulikuwa kumebaki kichwa kimoja kizima, nilikuwa nimekiacha nikipige picha. Akakiangalia. Akakigeuza kwa kalamu aliyoitoa mfukoni, hakukigusa kwa kidole. Mpaka leo naiona ile kalamu. Kofia nyeupe pe, chini yake mikunjo myeupe kama kurasa za kitabu kisichoandikwa, mguu una manyoyamanyoya, katikati kipande cha pete kilichochanika. Akaniuliza sehemu ya chini iko wapi. Nikamwambia nimeiacha msituni. Akauliza ilikuwa imekaa ndani ya mfuko? Nikasema ndiyo, kwa furaha, kama mwanafunzi aliyejibu swali. Ndani ya yai!

Akazima jiko. "Umekula?"

Ule uyoga wanauita valkokärpässieni. Kichwa kimoja chaweza kumuua mtu mzima. Sumu yake haifi kwa kuchemshwa, wala kukaushwa, wala kwa karanga za kwetu. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba unanyamaza. Unakula jioni, unaoga, unalala. Saa sita baada ya kula, mara nyingi nane au kumi na mbili, ndipo kunakuja kutapika na kuharisha vibaya. Halafu kunatulia, mtu anasema afadhali, imepita. Kumbe ndani ini linakufa.

Bibi jirani alipiga simu ya kituo cha taarifa za sumu, wakatuambia twende hospitali bila kungoja dalili. Nilinyweshwa mkaa wa hospitali wa kunasa sumu, mweusi, mzito, unakwaruza meno kama mchanga. Wakanitundikia dripu, wakawa wanapima damu kuangalia ini, na mimi naangalia saa ya ukutani. Saa nne usiku. Saa sita. Saa kumi alfajiri. Kila tumbo likinguruma naanza kuhesabu watoto wangu na nani atawalea. Siku mbili. Ini halikutetereka, kijiko kimoja kilikuwa kidogo na hospitali nilifika mapema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu ilikuwa kinyume chake: mwenyeji alikuja, mgeni akapona.

Mama aliponipigia hakunifokea. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, huko kwa watu uliingia msituni na nani?" Nikanyamaza. Maana bibi hakuwahi kuingia msitu asioujua peke yake. Alipoolewa kutoka upande wa pili wa mto alikaa msimu mzima akimfuata mama mkwe wake nyuma, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilivuka bara zima nikajiona naujua.

Kilichoniuma zaidi, na nasema wazi kwamba bado kinaniuma, ni kundi letu. Niliitwa Mama Sumu. Kuna rafiki aliyekula kwangu mara nyingi, tena kantarelli halali kabisa, alinipigia akauliza, "Hivi ile siku ulitulisha nini?" Tangu hapo akija haonji hata chai. Miaka yote hiyo! Na wapo waliocheka ambao leo ndio wa kwanza kuniomba jamu. Nawapa. Mitungi midogo.

Sasa ushauri, maana najua wengi mmekuja kwa hilo, mnataka kujaza friza kama mimi.

Usitumie alama za nyumbani. Lile yai kwa bibi lilikuwa alama ya heri, kwa sababu kwenye miombo kuna uyoga wa ukoo huo unaoliwa vizuri, na bibi alikuwa anajua pia ule usioliwa. Huku ukoo huohuo ndio unaozika watu. Bibi alisema ulioliwa na konokono hauna neno. Huku konokono anakula wa sumu na anaondoka salama. Eti kijiko cha fedha au kitunguu kikibadilika rangi ndipo uyoga una sumu, hayo ni hadithi hata huko nyumbani.

Ng'oa wote. Usikate. Zungusha taratibu, utoe mpaka chini, uone kama una mfuko. Ukikata unaacha ushahidi ardhini. Kukata ni kwa ule unaoujua kama sura ya mwanao, na hata huo, mwaka wa kwanza, ng'oa.

Jifunze mmoja kwa mwaka. Ndiyo, mmoja. Mimi baada ya 2014 nilikaa mwaka mzima na kantarelli tu, na hata huo nilifundishwa upya, kwamba chini yake hauna kurasa zinazotengana, una mikunjo minene inayoshuka hadi kwenye mguu. Kwenye kile kijani laini kama godoro inakoota kantarelli huota pia mwingine wa rangi ya kutu, suippumyrkkyseitikki, huo unaua figo, na dalili zake zinaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo kila kichwa kinaangaliwa mara mbili, msituni na mezani. Mwaka uliofuata nikaongeza vaaleaorakas, ambao badala ya kurasa una vimiba laini kama ulimi wa paka. Sasa nina aina tano za uyoga. Tano tu, kwa miaka yote hii, na friza halifungi.

Tafuta mwenyeji. Mimi nilijiunga na matembezi ya Martat, chama cha akina mama cha mambo ya nyumbani, kipo tangu 1899. Wanatembea polepole, wanabishana juu ya kichwa kimoja robo saa. Usione aibu Kifini chako kibovu. Na nyie vijana wa programu za simu, mnapiga picha, simu inasema asilimia tisini, mnakula: hiyo kumi iliyobaki ndiyo itakayokupeleka kaburini. Ng'oa, muulize mtu.

Kwenye matembezi hayo ndipo mwalimu aliponiambia kwamba mtafiti wa Helsinki, Marja Härkönen, alikwenda Tanzania kuwauliza wanakijiji kuhusu uyoga wao, na mwaka 2003 yeye na wenzake, akiwemo Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima. Nilikipata maktaba. Nilikaa sakafuni kati ya rafu nikifunua kurasa, uyoga wa utoto wangu umepigwa picha, una jina la Kilatini. Sijui nilie au nicheke. Mfini alivuka bahari kwenda kuuliza. Mimi nililala chumba kimoja na bibi miaka tisa sikumuuliza hata jina la ule mweupe. Nyinyi mlio na bibi hai, simu ni bei gani?

Matunda ni rahisi zaidi, kwa hiyo nitapita haraka. Mustikka, kitunda kidogo cha bluu ya giza, Julai mpaka Agosti: ivunje, ndani iwe na rangi iliyokolea kama nje, na ulimi ukiwa zambarau umepatia. Puolukka nyekundu, kuanzia mwisho wa Agosti, chachu kama ukwaju, haiozi upesi kwa sababu yenyewe ina asidi inayoihifadhi. Mimi naiweka kwenye mtungi wa maji baridi tu. Lakini si kila chekundu ni puolukka. Kielo, lile ua jeupe zuri la mwezi Juni, Agosti linazaa vitunda vyekundu, na vina sumu. Waonyeshe watoto kabla hujawapa ndoo. Tumia poimuri, lile kopo lenye meno kama kitana, mgongo utakushukuru. Kupe wapo, kajikague ukirudi. Na kuna inzi wa kongoni wa huku, anaitwa hirvikärpänen, akikutua anadondosha mbawa zake anaingia kwenye nywele kutembea. Mwenye rasta, funga kilemba. Nimemaliza.

Ukishameza kitu unachokitilia shaka, Ufini piga 0800 147 111, hali ikiwa mbaya 112, na Uswidi pia 112. Usingoje tumbo liume. Mabaki usitupe, ndiyo ushahidi. Na nasema tena, ng'oa wote.

Yule dada wa Uswidi hakulala, wala mimi. Hakuwa ameonja, wala watoto. Jumapili mchana alinitumia picha nyingine, alikuwa amerudi palepale na koleo la bustani. Shimo dogo, na uyoga umelazwa juu ya gazeti, mfuko wake umepasuka upande mmoja. Nilimwambia mimi kwa picha sisemi unaliwa wala hauliwi, aupeleke kwa mtu wa hukohuko. Akajibu kwamba jirani yake ameshauona, ameshika kichwa. Akasema beseni la bluu amelitupa.

Nimemwambia akaliokote. Beseni halina kosa, alioshe tu.